Shaba na Tashbihi: Kwa Nini Mshairi Aijue Aloi



Nimesoma mashairi mengi ambamo mpenzi ana moyo wa chuma, adui ana mkono wa chuma na kiongozi ana msimamo wa chuma. Katika mashairi hayo chuma hakipati kutu, hakipindi, hakivunjiki wala hakiyeyuki. Chuma cha namna hiyo hakipo duniani. Chuma kitupu, kisichotiwa kitu kingine, ni laini kuliko tudhanivyo, na kikiachwa penye unyevu huliwa na kutu hadi kikaisha. Kile ambacho washairi hukisifu kwa jina la chuma ni kitu kingine, chenye jina lake katika lugha yetu, nasi jina hilo tumeliacha livunde kabatini.

Hoja yangu katika makala haya ni kwamba Kiswahili kina msamiati mzuri wa kutaja metali zilizochanganywa, ambazo wanasayansi huziita aloi, na msamiati huo umelala katika kamusi na karakana kwa sababu sisi tunaojiita walinzi wa lugha hatuutumii. Usingizi huo una gharama. Ushairi wetu unapoteza picha zilizo kweli, mwanafunzi anakosa daraja la kuvukia kutoka nyumbani kwao hadi kwenye kitabu cha kemia, na mnunuzi sokoni anashindwa kuuliza swali ambalo pengine lingeikinga afya ya watoto wake. Nilifundisha Kiswahili katika shule za sekondari kwa zaidi ya miaka thelathini baada ya kuhitimu chuo cha ualimu, na katika muda wote huo nililiona pengo hili likipanuka. Sasa nimestaafu na nina nafasi ya kulisemea.

Nianze na maana. Aloi ni metali inayopatikana kwa kuyeyusha metali moja pamoja na nyingine, au pamoja na kitu kisicho metali kama kaboni, kwa kipimo maalumu, ili itoke metali mpya yenye tabia yake. Tabia hiyo ndiyo ajabu ya aloi, maana huwezi kuitabiri kwa kuwatazama wazazi peke yao. Chukua mfano wa lehemu, ile metali laini ambayo fundi redio huitumia kuunganishia nyaya. Bati huyeyuka kwenye nyuzi 232 za Selsiasi, nayo risasi kwenye nyuzi 327. Mtu angetarajia mchanganyiko wa hizo mbili uyeyuke mahali fulani katikati. Lakini sehemu 63 za bati zikiyeyushwa pamoja na sehemu 37 za risasi, aloi inayotoka huyeyuka kwenye nyuzi 183, chini ya wazazi wote wawili. Ndiyo sababu fundi huweza kuunganisha nyaya bila kukiunguza kifaa.

Neno aloi lenyewe ni la mkopo, nami nalipokea kwa mikono miwili. Kiswahili hakikuwa na neno moja la kutaja jamii nzima ya metali hizo. Neno mchanganyiko halitoshi: mchele uliochanganyika na choroko ni mchanganyiko, na mama mwenye subira anaweza kuuchambua kwenye ungo. Aloi haichambuliki kwenye ungo. Kanuni yangu ya mikopo ni nyepesi: kitu kisicho na jina na kikopewe jina, kitu chenye jina lililolala, jina hilo liamshwe kwanza kabla hatujabisha hodi kwa jirani.

Sasa tulitazame neno shaba. Asili yake ni Kiarabu, ambako shabah ni jina la shaba ya manjano, yaani aloi ya shaba nyekundu na zinki. Mzizi wa neno hilo ni ule wa kufanana, kwa kuwa metali hiyo hufanana na dhahabu kwa rangi. Kutoka mzizi huohuo Kiswahili kimepata shabihi, mshabaha na tashbihi, istilahi ambayo hatuwezi kuchambua shairi bila kuitaja. Basi kila mwalimu anayeandika ubaoni neno tashbihi anaandika jina la ndugu wa shaba. Na metali yenyewe ni tashbihi kamili: yasema "mimi ni kama dhahabu", na lile "kama" halifichiki, maana ikipigwa na upepo wa bahari kwa miezi michache hufifia na kuota ukungu wa kijani, jambo ambalo dhahabu hailijui.

Neno sufuria nalo lina habari kama hiyo. Katika Kiarabu sufr ni shaba, na mzizi wake ni wa rangi ya manjano. Ndio uliotupatia pia jina la ugonjwa wa safura. Sufuria ya awali ilikuwa chombo cha shaba. Leo sufuria nyingi ni za alumini na hakuna anayeona ajabu, kwa sababu jina limehama kutoka kwenye metali kwenda kwenye umbo na kazi ya chombo. Hivi ndivyo lugha iishivyo. Silalamiki kwamba maneno yanahama. Nalalamika pale yanapohama yakaacha nyumba tupu nyuma yao, na hakuna anayepewa ufunguo.

Nyumba ya shaba imejaa wapangaji watatu wanaoitwa jina moja. Wa kwanza ni shaba nyekundu, ambayo ni metali kamili isiyochanganywa. Ndiyo iliyomo ndani ya nyaya za umeme ukutani mwako. Wa pili ni shaba ya manjano, yenye shaba nyekundu kati ya asilimia 60 na 70 hivi na zinki kwa sehemu iliyobaki. Ndiyo ya funguo, kufuli, koki za maji, tarumbeta na ganda la risasi ya bunduki. Wa tatu ni aloi ya shaba nyekundu na bati, ambayo Waingereza huiita kwa jina lake na sisi hatuna jina lililokubalika. Mpangaji huyo wa tatu si mdogo. Zama nzima ya historia ya binadamu imepewa jina lake, kwa kuwa kwa karne nyingi visu, mashoka na mikuki katika Asia ya Magharibi, Misri na Ulaya vilitengenezwa kwa aloi hiyo kabla chuma hakijatawala.

Wapo watakaosema kwamba hapa ndipo umaskini wa Kiswahili unapodhihirika. Mimi naona kinyume chake. Vitu mashuhuri vilivyochukuliwa na majeshi ya Uingereza kutoka ufalme wa Benin mwaka 1897 hujulikana duniani kwa jina la Kiingereza linalomaanisha aloi ya bati, ilhali vilipopimwa vingi vilionekana kuwa vya shaba ya manjano. Wenye maneno mawili wamechanganyikiwa kuliko mwenye neno moja. Makumbusho makubwa siku hizi, yanapokuwa hayajapima kitu, huandika tu "aloi ya shaba". Kwa maneno mengine, yamerudi kwenye busara ya mzee wa Lamu anayeitazama siwa ya mji wake na kusema kwamba ni ya shaba, kisha akanyamaza.

Mfano mwingine ni wa michezo. Katika Olimpiki za Tokyo, medali ya mshindi wa tatu ilikuwa na asilimia 95 ya shaba nyekundu na asilimia 5 ya zinki. Kwa lugha ya kemia hiyo ni jamii ya shaba ya manjano, ingawa Kiingereza kiliendelea kuitaja kwa jina la ile aloi ya bati. Jacob Kiplimo wa Uganda aliyeipata katika mbio za mita 10,000, na Benjamin Kigen wa Kenya aliyeipata katika mbio za kuruka viunzi na maji, walitangazwa na watangazaji wetu kwamba wamepata shaba. Watangazaji walisema kweli tupu.

Kwa hiyo napendekeza tulichukulie neno shaba kama jina la ukoo. Ukoo haufutwi kwa sababu una watoto wengi. Watoto hupewa majina yao. Shaba nyekundu na shaba ya manjano ni majina yaliyokwisha kuzaliwa, yanaeleweka kwa jicho na hayahitaji kamati. Kwa mpangaji wa tatu naleta jina shaba-bati. Najua pingamizi litakalokuja: neno bati limehamia paani. Ukisema shaba-bati, msikilizaji ataiona nyumba iliyoezekwa kwa mabati ya shaba. Na kweli, mabati yetu ya leo hayana bati hata chembe. Ni karatasi za chuma zilizopakwa zinki ili zisipate kutu, na yale yanayosifiwa sana madukani hupakwa aloi yenye alumini asilimia 55, zinki karibu asilimia 43 na silikoni kidogo. Bati halisi utalikuta ndani ya kopo la nyanya, likiwa limepakwa kama utando mwembamba juu ya chuma. Hata hivyo sioni hatari. Neno moja kuwa na maana mbili halijapata kuiua lugha yetu. Mtu anayeagiza mabati 30 ya kuezekea hatachanganyikiwa na mwanafunzi anayeandika shaba-bati. Mwenye jina bora zaidi na alilete, tulipime. Ninachokataa ni kukaa bila jina.

Thamani ya majina haya tuliwahi kuishika mikononi. Sarafu za kwanza za Tanzania, zilizotolewa mwaka 1966, zilikuwa darasa zima la aloi. Senti tano yenye picha ya samaki ilikuwa ya shaba-bati. Senti ishirini yenye mbuni ilikuwa ya shaba ya manjano iliyotiwa nikeli. Senti hamsini yenye sungura na shilingi yenye mwenge zilikuwa za shaba na nikeli, aloi ambayo huwa na robo tatu ya shaba nyekundu na robo ya nikeli. Zilikuwa nyeupe kama fedha, na watoto tuliokwenda nazo dukani kununua kashata hatukuweza kuamini kwamba shilingi ile nyeupe ilikuwa shaba kwa robo zake tatu. Robo moja ya nikeli iliufuta wekundu wote. Mshairi anayetafuta picha ya mtu mmoja anayegeuza tabia ya watu watatu, picha hiyo ilikuwa mfukoni mwake.

Neno shaba limewahi hata kupanda hadhi ya kijiografia. Mwaka 1971, Zaire ilipokuwa ikibadili majina, jimbo la Katanga lenye migodi mikubwa ya shaba nyekundu liliitwa Shaba, na jina hilo lilidumu hadi mwaka 1997. Neno la Kiswahili lilitosha kubeba jimbo zima kwa zaidi ya miaka ishirini. Halishindwi kubeba beti.

Nirudi kwenye chuma, nilikoanzia. Tofauti baina ya chuma laini, pua na chuma cha kusubu ni kaboni, na ni kaboni kidogo mno. Chuma kikiwa na kaboni isiyozidi asilimia 0.3 hivi, hupindika bila kuvunjika. Ndicho cha misumari, nondo na mageti. Kaboni ikipanda hadi karibu asilimia moja, chuma kikatiwa moto na kuzimwa majini, huwa kigumu na hushika makali. Ndicho cha visu, mapatasi na springi. Kikipita asilimia mbili hakifuliki tena kwa nyundo. Hicho hufaa kusubiwa tu, yaani kuyeyushwa na kumiminwa katika kalibu, nacho hutoa pasi ya mkaa, miili ya vyerehani vya zamani na mifuniko ya mashimo ya maji machafu barabarani. Ni kigumu, lakini ukikiangusha juu ya jiwe chaweza kupasuka.

Jina la kile chuma kigumu chenye makali ni pua. Wapo pia waliokiita feleji, hasa walipozungumzia panga bora. Wanafunzi wangu walicheka kila nilipotaja chuma cha pua, wakishika pua zao, nami niliwaacha wacheke kwa sababu anayecheka hasahau. Lakini siku hizi jina hili linaporwa mchana kweupe. Matangazo ya biashara, mengi yakionekana kutafsiriwa na mashine, huita chuma cha pua kila kijiko na kila sinki linalong'aa. Wanakusudia chuma kisichoshika kutu, ambacho ni pua iliyotiwa kromiamu isiyopungua asilimia 10.5. Kijiko chako kikiwa na maandishi 18/10, maana yake kina kromiamu asilimia 18 na nikeli asilimia 10. Kila chuma kisichoshika kutu kimo katika ukoo wa pua, lakini si kila pua haishiki kutu. Panga la shambani ni pua, na ukilisahau usiku mmoja kwenye umande utalikuta limevaa joho jekundu. Tukilitoa jina la pua kwa kijiko peke yake, panga litaitwaje?

Wala pua si ugeni katika ardhi hii. Mwanajiografia al-Idrisi aliandika katika karne ya 12 habari za watu wa Malindi waliochimba na kuuza chuma. Wafipa walijenga tanuri za udongo ndefu kupita kimo cha mtu. Na mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha katika jarida la Science matokeo ya kazi yao Kagera, ambako wazee wa Kihaya waliijenga upya tanuri ya jadi na kuyeyusha chuma mbele yao. Walieleza kwamba ufundi huo, uliotumia hewa iliyokwisha kupashwa moto ndani ya mirija ya udongo, uliweza kutoa chuma chenye kaboni, yaani pua, na kwamba mizizi yake katika eneo hilo inarudi nyuma karibu miaka 2,000. Mtu anayeniambia kwamba lugha za Kiafrika haziwezi kufundisha habari za aloi, nitamwuliza wazee wale walipeana maelekezo kwa lugha gani.

Kazi hiyo ilikuwa na vitenzi vyake. Kufua ni kupiga chuma kwa nyundo. Kusubu ni kumimina metali iliyoyeyuka. Kuvukuta ni kupuliza moto kwa mivukuto. Kulehemu ni kuunganisha kwa metali laini, wakati kuchomelea ni kuunganisha kwa moto mkali unaoyeyusha kingo zenyewe. Na kiko kitenzi kusana, ambacho kimebaki hai karibu katika methali peke yake: mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Sikio la mshairi halitashindwa kusikia ndani yake maneno sanaa na msanii. Wangapi kati yetu wameitumia methali hiyo bila kujiuliza kusana ni kufanya nini? Tumekuwa wana wa mhunzi wasiosana wala kuvukuta, tunaokaa mlangoni pa karakana tukisifu cheche.

Kuna anayeweza kuniambia kwamba haya ni mambo ya wapenda maneno, na kwamba mwananchi hana shida ya kujua tofauti ya kusubu na kufua. Naomba aende sokoni. Sufuria za alumini ziko namna mbili kubwa. Moja hutengenezwa kiwandani kwa karatasi ya alumini. Nyingine husubiwa mtaani kutokana na vyuma chakavu: vipande vya injini, rejeta, makopo, sehemu za mitambo ya kila aina. Wanaozisubu ni mafundi hodari wanaolisha familia zao kwa jasho, na sina neno baya juu yao. Lakini chungu chao kimeyeyusha aloi nyingi kwa pamoja bila kujua kila moja ina nini, na wanasayansi waliopima sufuria za namna hiyo kutoka nchi kadhaa za Afrika walikuta baadhi zikitoa risasi kwenye chakula. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na watoto ndio wanaodhurika zaidi, hasa ubongo.

Mama anayenunua sufuria atauliza vipi? Akisema "ina risasi?", muuzaji atacheka akifikiri anaulizia bunduki. Akiuliza "imesubiwa au ni ya karatasi?", atajibiwa, ikiwa neno kusubu lingali hai. Akimwuliza fundi anayeziba ndoo ya maji "lehemu yako ina risasi?", fundi atajua anakusudia nini, maana ziko lehemu zisizo na risasi, zilizotengenezwa kwa bati pamoja na fedha na shaba kidogo. Swali lisilo na maneno haliulizwi, na hatari isiyoulizwa huingia jikoni bila hodi. Hapa ndipo ninapoomba malenga wasinione kama mzee anayelinda vumbi la kamusi.

Sasa nizungumze na kundi la pili, la ndugu zangu wanaotaka Kiswahili kitakasike na kila neno la kigeni. Nimewasikia wakisema lugha safi ni kama dhahabu safi. Waende kwa sonara. Dhahabu ya karati 24, isiyochanganywa, ni laini mno. Pete yake hupinda na kuchubuka. Ndiyo maana bangili za maarusi huwa za karati 22, yaani karibu asilimia 92 za dhahabu, na pete nyingi za karati 18, yaani asilimia 75. Sehemu iliyobaki ni fedha na shaba nyekundu. Uchache huo wa shaba ndio unaoiwezesha pete kudumu kidoleni kwa miaka hamsini ya ndoa. Lugha inayokataa kila mchanganyo itadumu vitabuni, haitadumu mdomoni.

Lakini sonara hachanganyi ovyo. Hupima. Na hapo ndipo ninapoachana na kundi la tatu, linaloingiza neno lolote la Kiingereza kwa sababu limewahi kufika mdomoni. Shaba nyekundu ikitiwa bati sehemu kumi katika mia, hutoka aloi imara ya sanamu na vyombo vya kazi. Ikitiwa sehemu 22, hutoka metali ya kengele, yenye sauti tamu lakini ya kupasuka ikigongwa vibaya. Metali ni zilezile mbili. Kipimo kimezidi, tabia imegeuka. Mkopo wa maneno una kipimo chake pia. Kwa kuwa hapa ni uwanja wa watunzi, niliitungia fikra hiyo beti moja:

Bati na shaba pamoja, ziyeyuke tanurini,
Kila moja ina hoja, peke yake ni laini,
Zishikanapo kwa haja, huwa ngumu maungoni,
Fundi pima kwa daraja, kiasi kisiwe duni.

Sijaitunga kwa kujionyesha. Nataka kuonyesha kwamba mizani haiogopi metali. Nilipokuwa kazini nilisikia mara nyingi kwamba sayansi na ushairi havikai chungu kimoja, na mwanafunzi aliyeandika insha ya Kiswahili kuhusu kutu aliambiwa na mwalimu mmoja kwamba hilo ni somo la watu wengine. Matokeo yake tunayaona. Mtoto wa Tanzania husoma habari za metali kwa Kiswahili katika shule ya msingi ya serikali, kisha akifika sekondari husoma mambo hayohayo kwa Kiingereza, na hakuna anayemwambia kwamba lile neno jipya la kitabuni ndilo ile lehemu ya kwa fundi redio wa mtaani kwao. Anahitimu akiwa na nyumba mbili za maneno zisizo na mlango wa kupitia. Anaweza kuandika fomula ya aloi kwenye mtihani, na hawezi kumweleza bibi yake kwa nini kisu kimoja hushika kutu na kingine hakishiki.

Natoa mapendekezo matatu, yote yakiwa ndani ya uwezo wetu. La kwanza, kila mwenye nafasi aende karakana iliyo karibu naye, kwa sonara, kwa mhunzi, kwa anayesubu sufuria, kwa fundi wa mageti, asikilize na kuandika maneno anayoyasikia pamoja na maana zake. Mafundi wana msamiati ambao kamusi haijaugusa, na wazee wao wanaondoka. La pili, tunapotunga tusiseme chuma pale tunapokusudia pua, wala dhahabu pale tunapokusudia kitu kinachofanana nayo. Shaba ipo, na imeumbwa kwa ajili ya maana hiyo. La tatu, tunapohariri kazi za vijana tusiridhike na "moyo wa chuma". Tumwulize kijana: ni chuma kipi? Kile kinachopinda kisivunjike, kile kinachoshika makali, au kile kigumu kinachopasuka kikianguka? Mioyo ya namna zote tatu ipo, na anayeijua tofauti hiyo ameanza kuwajua watu.

Kwa wale watakaoniandikia kwamba jina shaba-bati halina ladha, nawakaribisha kwa moyo mkunjufu. Leteni lenu, na leteni pamoja nalo beti moja ya kulijaribu, maana neno lisiloweza kukaa katika mizani nane halitakaa sokoni.